Taa Nyekundu ya Miksa

Mume wangu Kyule ni fundi wa sauti, na nitasema mapema kwamba ni fundi mzuri, ili nikianza kumsema msidhani namchukia. Studio yake ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu, mwendo wa robo saa kwa miguu ukipanda kutoka soko la Tawa. Kuta amezipigilia trei za mayai kuanzia sakafuni hadi kwenye mabati, na juu ya trei akaning'iniza mablanketi mawili tuliyopewa siku ya harusi yetu, ambayo sijayaona kitandani tangu wakati huo. Kwaya nyingi za huku zimepita humo. Wanakuja Jumamosi wakiwa wamevaa sare kana kwamba maiki ina macho, wanaimba, wanakunywa chai yangu yote, wanaondoka na flashi.

Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kubeba spika za kanisa akiwa kijana, akaendelea kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuvifunga tena vikiwa hai. Akiona chombo kina kasoro, hukihoji swali moja moja mpaka kikiri. Ni waya? Si waya. Ni umeme? Si umeme. Anaweza kukaa hivyo siku nzima bila kula, na ukimletea chakula anakuuliza ni nani amekuja. Watu yeye hawahoji. Ndiyo maana nimeishi naye miaka kumi na tisa bila kuulizwa mambo mengi.

Mama yake aliitwa Kavindu, wa Kasikeu. Mimi nilimwita mwaitu, yaani mama yetu, kama Kyule alivyomwita. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kanisani alikaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa akina mama, na nyimbo za kitabuni aliziimba kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mimi nilipoolewa nilidhani ndivyo alivyo.

Ni shemeji yangu Muthoki aliyenieleza. Zamani Kavindu ndiye aliyeongoza kilumi pande zote zile. Kilumi, kwa asiyejua, ni ngoma ya akina mama wazee, inayochezwa mvua ikigoma au mtu akisumbuliwa na aimu, yaani roho za waliotangulia. Watu walivuka mito kuja kumchukua. Alikuwa na ngoma yake ndefu, ya kubanwa katikati ya magoti, aliyoachiwa na mama yake mzazi. Muthoki aliniambia mwaitu akipaza sauti mbuzi walikuwa wanaacha kula. Nilicheka. Sikumwamini.

Kisha Kyule, akiwa na miaka kumi na mitano, akaokoka kwenye mkutano wa injili, na akaokoka kwa kishindo, kama vijana wa umri huo wanavyofanya kila kitu. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba hatakula tena chakula cha mkono unaopiga ngoma ya mashetani. Siku nne alikula kwa majirani. Fikiria aibu hiyo: mtoto wako anazunguka kijiji na sahani. Siku ya tano Kavindu aliichukua ngoma mgongoni, akaipeleka mwenyewe kanisani, na ikachomwa uwanjani huku watoto wakiimba mapambio. Kyule alisimama mstari wa mbele. Muthoki anasema ngoma ile ilichukua muda mrefu kuungua kwa sababu ya mafuta ya miaka mingi, na mama yao hakuondoka mpaka ikaisha.

Hilo lilikuwa limekaa hapo kati yao miaka thelathini. Hawakuligusa. Mwaitu alipokuja kwetu aliongea habari za ng'ombe na za mtoto wetu Nthiwa, aliyepewa jina la baba yake Kyule, na kwa hiyo mwaitu alimwita mtoto huyo "mume wangu" na kumlalamikia kwamba hamletei sukari.

Sasa siku moja, baada ya kurekodi kwaya tangu asubuhi, Kyule alikuja jikoni akakaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji.

"Mama Nthiwa," akasema, "hii miaka yote nimerekodi watu labda elfu moja. Wote wanaimba sawasawa. Hakuna hata mmoja anaimba kama mwaitu."

"Wewe ulimsikia lini?" nikamuuliza, maana nilitaka aseme.

"Nilimsikia kabla nikuwe mjinga."

Hapo ndipo alipoanza kuutaka ule wimbo. Si kwa ajili ya kuuza wala kuuweka mtandaoni. Alitaka tu uwepo mahali fulani, kwa sababu yeye ndiye aliyeuzima. Mama alikuwa na miaka sabini na minane, presha ikipanda na kushuka, na wote walioimba naye walishakufa. Akiondoka, umeondoka. Kyule alilijua hilo na lilimnyima raha.

Kumwomba, lakini, hakuweza. Alinituma mimi. Miaka miwili nilibeba hilo ombi kati ya Tawa na Kasikeu. Kila mara mwaitu alisema aliyechoma ngoma si mimi, kwa nini nimeletwa mimi. Alikuwa anaongea Kikamba kitupu. Maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili nijuavyo. Mwishowe Kyule akaenda mwenyewe. Sijui walisemezana nini. Nilichoona ni kwamba baada ya mavuno, mwezi wa pili, walikuja pamoja, mwaitu na kiondo chake, na akakaa kwetu siku tatu.

Tulichagua siku ya soko, ili majirani wawe wameshuka Tawa. Usije ukafikiri ni mchezo: Kyule ni mzee wa kanisa, na mimi niko kwa kamati ya akina mama. Ingesikika kwamba nyumbani kwetu kunapigwa kilumi, tungeombewa mpaka tujute. Tulifunga mlango wa nyuma. Ngoma haikuwepo, kwa hiyo mwaitu alizunguka ua akigonga vitu kwa kidole, ndoo, debe, pipa, mpaka akafika kwenye mtungi wangu wa plastiki wa lita ishirini. Akaugonga ukiwa tupu, akamwaga maji kidogo ndani, akaugonga tena. Akanipa mimi nipige. Alinionyesha mkono unavyokwenda, na nilipokosea alinichapa vidole kama mtoto wa shule.

Kyule alimkalisha kwenye stuli, akaweka maiki mbele yake, akavaa hedifoni.

"Mwaitu, imba kidogo nipime sauti."

"Niimbe nini?"

"Huo wimbo. Kidogo tu, halafu usimame."

Mwaitu alimtazama kana kwamba amemwomba avue nguo. Akamweleza taratibu kwamba wimbo wa kilumi hauanzwi ukakatizwa. Ukiita, umeita. Huwezi kuwaita waliokufa, wakaanza kuja, halafu uwaambie wangoje hapo njiani unarekebisha waya. Utauanza mara moja, utakwenda nao mpaka mwisho, na hutaurudia siku nyingine kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Kyule akakuna kichwa. "Basi imba ya kanisa. Verse moja tu."

Akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kitabuni, kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi, na Kyule akaurekodi kama kipimo. Kyule akakizungusha kitufe cha kwanza cha ile mashine ya kuongozea sauti iitwayo miksa, akakizungusha tena, akakifungua mpaka karibu mwisho ili ampate. Baadaye nilikuja kujifunza habari za vitufe hivyo kuliko nilivyotaka. Kimoja hupokea sauti kutoka kwenye maiki. Kingine huisukuma kwenda kwenye kompyuta. Cha kwanza alikifungua sana, kwa sababu mama alinong'ona. Cha pili alikiacha chini, kama anavyofanya siku zote, kwa sababu anaogopa kompyuta kuzidiwa.

"Inatosha, mwaitu," akasema. "Sauti iko sawa."

Alipotaka kuketi, mama yake akamwonyesha mlango.

"Toka nje. Sitaimba ukiniangalia. Ile ngoma uliiangalia ikiungua, inatosha."

Alisema hivyo bila hasira, kama unavyomwambia mtu afunge lango la ng'ombe. Kyule alianzisha kurekodi upya, akanionyesha kwa kidole kwamba kompyuta imeshashika, akatoka akaenda kukaa nyuma ya zizi la mbuzi. Nilimwona kupitia dirisha amepakata hedifoni ambazo hazijaunganishwa na kitu.

Sasa hapa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipo mimi.

Mwaitu alianza chini, karibu na kuongea. Akataja majina. Mengine niliyajua, ya ukoo wa Kyule, mengine sikuyajua. Nilipiga mtungi alivyonifundisha. Kisha akafumba macho, akavuta pumzi, akapaza. Sina namna ya kueleza. Yule mwanamke mfupi wa benchi la tatu hakuwepo tena. Ile sauti ilitoka chini ya stuli, ikanipita, na mabati yakatetemeka juu yetu. Nilitaka kulia na nilitaka kukimbia, na mikono ikaendelea kupiga mtungi yenyewe. Nilikasirika pia, hasira kali, kwa sababu niliona ni nini walichokichoma pale uwanjani huku wakipiga makofi.

Na kila alipopaza, kwenye miksa, juu ya kile kitufe cha kwanza, kitaa kidogo kiliwaka chekundu.

Nilikiona. Nisiseme sikukiona. Nilikitazama muda wote, kwa sababu kumtazama yeye usoni sikuweza. Akishuka, kinazima. Akipanda, kinawaka. Na mimi nikafurahi. Simu yangu nikirekodi ujumbe wa sauti huonyesha nyekundu. Kile kinasa cha kaseti cha baba yangu kule kwetu Kitui kilikuwa na taa nyekundu, ikiwaka tunajua tuko hewani. Nikajiambia mashine inamsikia, mashine inampokea, hakuna neno lake linaloanguka chini. Dakika kumi na moja. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

Jikoni nilimpa isyo, yaani mahindi na maharagwe, na maziwa ya mgando. Nikamwambia, "Mwaitu, kila ukipaza, taa ilikuwa inawaka."

Akatabasamu, na mwaitu hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. "Kwa hiyo imeingia."

"Imeingia yote."

Kyule aliingia studio akavaa hedifoni. Nilikuwa namwona kupitia mlango. Alisikiliza kidogo akiwa ameinamisha kichwa, halafu nikaona bega limepanda. Akachomoa hedifoni, akafuta ile pini na shati, akaichomeka tena. Akasikiliza. Akaninyooshea mkono niende.

"Hebu sikia hii kitu."

Mwanzo ulikuwa mzuri, yale majina yote yalisikika. Lakini mwaitu alipopaza, sauti ilianza kukwaruza, kama sufuria inayosuguliwa na mchanga. Maneno yalikuwa ndani ya ule mkwaruzo, huwezi kuyatoa. Na kila alipozidi kuwa yule niliyemwona, ndivyo mashine ilivyozidi kumfanya kuwa kelele.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika. Screen iko green yote, ona. Ni playback iko na shida. Nitapata."

Mwaitu aliuliza kutoka jikoni, "Imeingia?"

"Imeingia, mwaitu," Kyule akajibu.

Kesho yake akaenda zake Kasikeu, ameridhika. Na hapo ningeomba mnisaidie kukasirika, kwa sababu bado alikuwa nyumbani kwetu usiku ule mzima na asubuhi mpaka saa nne, na mtu mmoja angeweza kumwambia ukweli. Tulimpakia mahindi na mbaazi kwenye gunia tukamsindikiza.

Kyule akaanza kuhoji. Kwanza hedifoni: akaazima nyingine, mkwaruzo uko palepale. Akaenda kwenye spika za kanisa, akazifungulia chini sana, uko palepale. Akabadilisha waya wa maiki, akarekodi sauti yake mwenyewe akihesabu moja mpaka kumi, ikatoka safi. Basi si waya. Akafikiri ni umeme wa sola, kwamba kile kifaa cha kubadilisha umeme kinavuma, akarekodi kwa betri ya kompyuta peke yake. Safi. Akafikiri ni chaja. Akafikiri kompyuta inachoka, akafuta filamu zote za Nthiwa na picha zangu za harusi ya dada yangu. Akafikiri programu inasoma faili kwa mwendo usiokuwa wake, akabadilisha tarakimu fulani, na mwaitu akaanza kuimba kama mtoto, halafu kama mwanaume mlevi. Hilo lilimuumiza, akazima mitambo akaenda kulima.

Kila jaribio lilikuwa safi, unaona. Kila jaribio alihesabu moja mpaka kumi kwa sauti ya mtu mzima mwenye heshima zake. Hakuna hata siku moja aliyopiga kelele mbele ya ile maiki. Na kioo cha kompyuta kilionyesha kijani, na Kyule anakiamini kile kioo kuliko anavyoniamini mimi.

Kwa nini hakumwambia mama yake? Nilimuuliza. "Nimwambie nini? Alisema wimbo ni mara moja tu. Nimwite arudie, atajua nimemchoma tena." Akarudi kwenye waya zake. Niliona waziwazi kwamba angependa kosa liwe la mashine, na liwe kubwa, lenye jina la Kiingereza, ili asiende Kasikeu.

Jumamosi ya pili kukaja kwaya. Niliingia na birika la chai wakati mpiga kinanda wao anajaribu. Kyule akamgusa mkono.

"Hapana, punguza. Ukiona hii taa imekuwa red, sauti inakatwa hapa ndani. Ikishakatwa imeenda, hata ufanye nini hairudi."

Nilisimama pale na birika mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimeungua.

Basi nilijua. Kuanzia Jumamosi ile, saa tano asubuhi, nilijua kila kitu. Nilichohitaji ni kusema, Baba Nthiwa, ile taa ilikuwa inawaka muda wote, mimi niliiona. Angepiga miksa jicho, angeelewa hapohapo, angekosa kisingizio, angeenda. Sikusema. Jumapili sikusema kwa sababu kulikuwa na wageni. Jumatatu sikusema kwa sababu alikuwa na hasira. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilikuwa inanidai sababu ya kunyamaza jana. Niliogopa ataniuliza, wewe ulikuwa hapo, ukaona, ukanyamaza? Niliogopa mwaitu atajua kwamba nilimsifia taa iliyokuwa inamkata. Na nitasema na lililo baya zaidi: nilichoka kubeba. Miaka miwili nilimbebea yeye ombi lake. Nikajiambia wacha apate mwenyewe, si yeye ndiye fundi.

Siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na mbili, Alhamisi, alibeba kompyuta akaenda mji wa Kwa Vonza. Kuna mtu anaitwa Abdiqani, watu wake ni wa Garissa, anauza na kutengeneza kompyuta za mitumba karibu na stendi, na wanafunzi wa vyuo vya pale wanamwamini sana. Abdiqani hajui kilumi wala Kikamba. Alisikiliza nusu dakika, akavuta ile picha ya sauti kwenye kioo ikawa kubwa, akaivuta tena. Kyule alinieleza baadaye: mawimbi ambayo yangepaswa kuwa na vichwa vya mviringo yalikuwa bapa juu, yamekatwa kama ua wa miti uliopogolewa, na yamekatwa mbali chini ya mstari ambapo kompyuta huzidiwa.

"Ndugu, kompyuta haina makosa, walahi," Abdiqani akamwambia. "Hii kitu ilikuja kwa kompyuta ikiwa imekatwa tayari. Angalia mlango ya kwanza. Huyu mama ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Mwambie aimbe tena. Hii hakuna mtu atarudisha."

Simu ililia nikiwa napura mbaazi. Kyule aliongea taratibu sana.

"Mama Nthiwa, ile siku. Kwa miksa, ile taa ya juu, ilikuwa inawaka red?"

Alikuwa ananiuliza. Baada ya miaka kumi na tisa, mume wangu alikuwa amenihoji swali moja lenye jibu moja.

"Sikuangalia," nikasema. "Nilikuwa napiga mtungi."

"Sawa," akasema. "Ni mimi. Nilipima na wimbo ya kanisa. Ni mimi mjinga."

Nikamwacha aseme hivyo. Nikamwambia aende Kasikeu moja kwa moja kutoka huko alipo, apige magoti kama ni lazima. Akasema Ijumaa ana kwaya iliyoomba tangu mwezi uliopita, hawezi kuwarudisha watu wa Mungu. Angeenda Jumamosi. Alisema hata ameshapanga maneno.

Ijumaa saa saba Muthoki alipiga simu. Mwaitu alikuwa ametoka kuchota maji kwenye tangi, akaanguka upande mmoja, mdomo ukaenda pembeni. Kyule alimkuta hospitalini macho yamefunguka, hasemi. Alikaa naye siku tano, mpaka akakata roho. Ananiambia siku ya tatu mama yake alimshika sikio, akalivuta kidogo, akamwangalia. Kyule aliamini anauliza habari za wimbo. Akamwambia umetoka vizuri sana, mwaitu, watu wameusikia wamelia. Mwaitu akafumba macho. Sijui kama alimwamini. Alikuwa mama yake, na alimjua akidanganya tangu ananyonya.

Siku ya mazishi, Mchungaji Ndululu wa kanisa la Kasikeu alimwita Kyule pembeni. Alisema ni jambo la neema kwamba mtoto wa marehemu ana studio, na je, hakuna mahali sauti ya mama ilihifadhiwa, ili waombolezaji waisikie kwa mara ya mwisho. Kyule akasema ipo. Mimi nilikuwa karibu, nikidhani ataupiga ule mkwaruzo mbele ya watu mia nne.

Aliupiga ule ubeti. Ule wa kupima.

Ulitoka kwenye spika kubwa ukiwa safi kama maji, kila neno, hata pumzi ilisikika. Kavindu wa benchi la tatu, mdogo, mnyenyekevu, anaomba chumvi. Akina mama wakaanza kulia. Na kwa sababu Kyule hakuwa na nguvu ya kukata mwisho, au alisahau, wimbo ulipoisha sauti yake mwenyewe ilifuata kwenye spika, juu ya kaburi na juu ya mashada.

"Inatosha, mwaitu. Sauti iko sawa."

Watu wakasema amina.

Mchungaji alishika maiki akasema hiyo ndiyo sauti ya mama yetu kabisa, hivyo ndivyo tutakavyomkumbuka. Nilimtafuta Muthoki kwa macho. Alikuwa ameshika shavu, anaangalia ule uwanja wa kanisa ng'ambo ya barabara. Tukiwa bado tunakunywa chai, kwaya mbili zilimfuata Kyule kuuliza Jumamosi gani ana nafasi, kwa sababu hawajasikia mahali pengine sauti imetulia namna ile.

Lile faili lingine bado analo. Kuna programu inayosemekana kurudisha vichwa vya mawimbi yaliyokatwa. Aliijaribu. Inabahatisha tu, mwaitu akatoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Akaifuta. Siku hizi kwaya ikija, hawaanzi na salamu wala sala. Anawaambia, "Kwanza imbeni pale munapaza zaidi. Hapo pa mwisho kabisa. Pigeni kelele." Wanashangaa, wanacheka, wanapiga kelele. Wameanza kusema ndiyo siri ya Kyule, na nasikia fundi mwingine ameiga.

Na mimi amenipa kazi. Alisema masikio yake hayamwamini tena, na akifumba macho kusikiliza hawezi kuona miksa. Kwa hiyo Jumamosi namwachia msichana wa jirani birika la chai, naingia studio, nakaa kwenye ile stuli aliyokalia mwaitu, chini ya mablanketi yangu.

"Mama Nthiwa, angalia taa," ananiambia, kisha anaanzisha kurekodi.

Naangalia. Ikiwaka nyekundu nainua mkono, naye anasimamisha watu wote wanaanza upya. Sijawahi kuikosa hata mara moja.